Volyumu ya gitaa la umeme inakwaruza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haipiti wiki mtu hajaingia karakana na gitaa mgongoni akasema, "Fundi, volyumu inakwaruza." Wengi wao hawakuhitaji kuja. Wengine walikuja wakiwa wamechelewa, wameshaimiminia kila kilichokuwa kwenye chupa pale nyumbani. Ukiwa na haraka, ruka hadi swali la pili. Ndilo litakalokuokolea hela.

Kwani ndani ya volyumu kuna nini hasa?

Chini ya ile nobu unayozungusha kuna kikopo cha bati, upana wake kama sarafu kubwa. Jina lake la kitabuni ni potenshometa, lakini mafundi redio wanaiita volyumu tu, na mimi nitaiita hivyo. Ukiifungua utakuta njia nyembamba ya kaboni nyeusi, imepinda kama bangili iliyoachwa wazi, na juu yake kijino cha chuma kinachotambaa unapozungusha. Nje kuna miguu mitatu. Wa pembeni mmoja hupokea sauti kutoka kwenye pikapu, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazodaka sauti, wa pembeni mwingine umefungwa kwenye ardhi, yaani waya wa pamoja wa kurudishia umeme, na wa kati ndio huo wa kijino, unaopeleka sauti kwenye jeki, tundu la kuchomekea kebo.

Kijino kikipita juu ya vumbi, au kikiwa kimeota kutu, au kaboni ikiwa imelika, mguso unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Sauti inayotoka kwenye pikapu ni ndogo sana, chini ya volti moja, na kazi ya amplifaya ni kuikuza. Basi inakuza na ile mikato. Ndiyo "krrr, krrr" unayosikia.

Nitajuaje kama ni volyumu kweli na si kitu kingine?

Usifungue skrubu hata moja kabla ya kufanya haya.

Toa pedali zote, vile visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya kwa kebo unayoiamini, halafu usiguse nobu yoyote. Tikisa kebo karibu na jeki. Ikikwaruza, volyumu haina kosa. Ni kebo, au lile limi la ndani ya jeki limelegea na halishiki tena ncha ya plagi. Nikihesabu kwa macho, hii ndiyo kesi ya watu wengi wanaoniambia "volyumu".

Jeki ikiwa shwari, gusa swichi ya kuchagua pikapu. Isogeze huku na huko. Mkwaruzo ukitokea hapo tu, kasafishe swichi.

Sasa shusha volyumu hadi sifuri kabisa, uache hapo, kisha gongagonga gitaa kwa kiganja. Kwenye gitaa la kawaida, sifuri maana yake kijino kimeunganishwa na ardhi, kwa hiyo chochote kinachotoka upande wa pikapu kimezimwa. Bado kunakwaruza? Tatizo liko baada ya volyumu, yaani jeki, kebo au amplifaya. Kukiwa kimya, panda polepole kutoka sifuri hadi kumi huku mkono mwingine umezuia nyuzi. Sikiliza. Mkwaruzo wa njia nzima mara nyingi ni uchafu. Mkwaruzo wa sehemu moja tu, tuseme kati ya saba na nane kila mara, unaashiria kaboni iliyolika hapo.

Na kabla hujamaliza, shika nobu uitikise pembeni bila kuizungusha. Ikiwa volyumu nzima inacheza kwenye tundu lake, nati imelegea. Hili ni la haraka sana kulikamata na la hasara sana kulipuuza, kwa sababu volyumu iliyolegea huzunguka pamoja na waya zake, na waya zikisokotwa vya kutosha hukatika. Kaza nati, lakini shika kikopo kwa ndani unapokaza, la sivyo utazisokota wewe mwenyewe.

Gitaa lilikaa miezi sita chini ya kitanda. Halikupigwa, limeharibikaje?

Kwa kutopigwa. Kijino kikitambaa kila siku kinajisafisha chenyewe. Kikikaa mahali pamoja, chuma kinaota ukungu wa kutu, vumbi linatua, na siku ukija kuzungusha unakwaruza vyote hivyo kwa pamoja. Sisi tulio Dar, Tanga, Mombasa au Unguja tuna na hewa ya chumvi. Magitaa ya pwani hunijia na skrubu za daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini, zimeshika kutu wakati mwenyewe anaapa hajawahi kulitoa nje. Kama skrubu inaota kutu hadharani, fikiria kijino kilichojificha.

Nikizungusha haraka haraka mara kadhaa inaacha. Si nimeshapona?

Umepata nafuu. Zungusha kutoka mwisho hadi mwisho mara ishirini au thelathini, amplifaya ikiwa imezimwa, na ukiwa na bahati utakaa kimya miezi. Ni hatua ya kwanza na haina gharama, kwa hiyo ifanye. Ila kama una onyesho Jumamosi usiitegemee. Mpiga solo wa dansi hushusha volyumu mwimbaji akiwa kwenye ubeti, kisha huipandisha sebene likianza. Sasa mkwaruzo wako utasikika palepale ukumbi mzima umetega sikio.

Nipulizie nini? WD-40 inafaa?

Hili naulizwa kuliko yote, nijibu kwa urefu.

WD-40 ya kopo la kawaida, la buluu na njano, ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kufukuza maji kwenye chuma. Inalegeza nati, inanyamazisha bawaba za mlango. Ukiipulizia kwenye volyumu utafurahi wiki ya kwanza. Kisha ule utando wa mafuta unaobaki utaanza kuokota vumbi, na volyumu itarudi ikiwa mbaya kuliko ulivyoikuta. Kampuni hiyohiyo inatengeneza na kopo lingine la kusafishia kontakti za umeme; hilo ni dawa tofauti, soma maandishi ya kopo.

Mafuta ya cherehani, mafuta ya kula, mafuta ya nazi: hapana. Nimeshafungua gitaa likanukia jiko.

Petroli na mafuta ya taa vilitumiwa na mafundi redio wa zamani, na baadhi bado wanavitumia. Vinaosha kweli. Vinaosha pia ile grisi inayofanya nobu izunguke kwa uzito mzuri, vinaweza kulainisha plastiki, na vinashika moto karibu na chuma cha kulehemia. Spiriti safi ya dukani ni afadhali, ila nayo inaondoa grisi na kuacha volyumu kavu. Kwa swichi na jeki haina neno.

Unachotaka ni dawa ya kontakti inayoacha kilainishi kidogo, ile iliyoandikwa kuwa inafaa kwa volyumu au slaida za miksa. DeoxIT wana aina mbili zinazochanganywa sana: D5 ya kuondoa kutu kwenye jeki na swichi, na F5 iliyolengwa kwa volyumu na slaida. Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walioko Nairobi, utapata makopo ya bei nafuu zaidi. Yanafaa, mradi isiwe kilainishi cha minyororo kilichopewa jina zuri.

Naipuliziaje? Nimepuliza juu ya nobu hakuna kilichobadilika.

Kwa sababu haikufika. Shimo la kikopo halimo kwenye nobu.

Zima amplifaya, chomoa kebo. Piga picha ya waya kwa simu kabla hujagusa kitu, utakuja kunishukuru. Ukishafika ndani, angalia kikopo upande wenye miguu mitatu. Juu ya miguu, pale bati linapokutana na ubao wa kahawia, kuna uwazi mdogo kama mpasuko. Ingiza ncha ya mrija mwekundu wa dawa hapo. Bonyeza kidogo tu, nusu sekunde, si kama unapuliza mbu. Zungusha mwisho hadi mwisho mara ishirini. Bonyeza tena kidogo, zungusha tena. Matone meusi yakitoka, hayo ni vumbi na kaboni, yafute kwa kijiti cha pamba. Subiri dakika kumi hivi ikauke ndipo uwashe.

Weka kitambaa chini. Magitaa ya zamani, na baadhi ya mapya ya bei kali, yamepakwa vanishi ya nitroselulosi, na dawa nyingi za aina hii huila. Tone moja likikaa linaacha alama isiyofutika.

Kama kikopo hakina uwazi wowote, ni ile aina iliyozibwa. Vumbi haliingii kirahisi, dawa nayo haiingii. Ikianza kukwaruza, badilisha.

Gitaa langu halina kifuniko nyuma. Nafikaje huko?

Inategemea aina ya gitaa. Les Paul na ndugu zake zina vifuniko viwili vya plastiki mgongoni. Unachotaka ni kile kikubwa, kilicho nyuma ya nobu. Telecaster ni starehe: bamba la chuma lenye skrubu mbili, unaligeuza umemaliza. Stratocaster inabidi utoe plastiki yote ya mbele. Nyingi za sasa zina skrubu 11, zile za kwanza za 1954 zilikuwa na 8. Legeza nyuzi kwanza, kisha inua plastiki taratibu, maana waya zinazokwenda kwenye jeki na kwenye daraja bado zimeshikilia.

Lenye tumbo nusu wazi kama ES-335, linalotengenezwa tangu 1958, ndilo linalonifanya nipandishe bei. Volyumu hutolewa kupitia lile tundu la umbo la herufi f. Kabla hujasukuma kitu ndani, funga mshipi wa kuvulia kwenye kila ncha ya volyumu, umbali wa mkono mzima, ili baadaye uvute mshipi na kila volyumu irudi kwenye tundu lake. Aliyesahau mshipi hutumia mchana mzima akivua samaki asiyemwona. Kama mkwaruzo ni wa kawaida tu, jaribu kwanza kwa mrija mrefu kupitia tundu hilohilo, kwa tochi na kioo kidogo cha kunyolea.

Nimesafisha vizuri, siku mbili tu mkwaruzo umerudi.

Basi kaboni imelika. Hakuna dawa ya kurudisha kaboni.

Unaweza kuhakikisha kwa mita ya umeme, ile inayopima ukinzani kwa omu. Hapa mita ya mshale inaishinda ya namba, kwa sababu unataka kuona mwendo: pima kati ya mguu wa katikati na wa pembeni huku ukizungusha polepole. Mshale ukipanda kwa utulivu, volyumu ni nzima. Ukiruka au kuanguka ghafla mahali fulani, umeipata.

Kuna mtego. Ukipima ikiwa bado imeunganishwa, utasoma kilo-omu 6 au 8 mahali ulipotarajia 250, halafu utapiga kelele kuwa volyumu imekufa. Haijafa; umepima pikapu, ambayo imeunganishwa sambamba nayo. Ng'oa waya wa pikapu kwanza. Volyumu ya 250 ikisoma popote kati ya 200 na 300 ni ya kawaida, kwani kiwandani huruhusiwa kupotoka hadi asilimia 20.

Ninunue ya ngapi?

Pikapu za koili moja, kama za Stratocaster na Telecaster, kwa desturi hutumia kilo-omu 250. Hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, hutumia 500. Ukiweka 500 kwenye koili moja sauti inakuwa kali zaidi. Ukiweka 250 kwenye hambaka inapoa. Si kosa, ni ladha. Kosa ni kununua ya redio ya 50 au 100 kwa kuwa "zinafanana": gitaa litasikika kama limefunikwa blanketi.

Tazama pia herufi. Kwenye volyumu nyingi za siku hizi A500K ina mpando unaofuata sikio, na B500K inapanda sawasawa kwa vipimo. Ukiweka B kwenye volyumu, unashusha kutoka kumi hadi tatu husikii tofauti kubwa, halafu sauti yote inaanguka mara moja. Wapo wanaoipenda. Mimi huweka A.

Halafu pima tundu na mhimili. Za Marekani zina mhimili wa robo inchi, milimita 6.35, na tundu la karibu milimita 9.5. Nyingi za Asia ni milimita 6, na tundu la 7 au 8. Nobu ya moja hugoma kwenye nyingine, na usiigonge kwa nyundo, nakuomba. Kwenye Les Paul uliza pia urefu wa shingo ya volyumu yenyewe, ile inayofungwa nati, kwa sababu mbao za gitaa hilo ni nene.

Naweza kuibadilisha mwenyewe?

Kama umeshawahi kulehemu waya wa redio, ndiyo. Kazi ngumu ni moja tu: waya za ardhi zilizolehemiwa mgongoni mwa kikopo. Bati hilo hunywa joto. Chuma dhaifu cha kulehemia kitakufanya ukae hapo dakika mbili ukiichoma kaboni ya ndani, na volyumu mpya itaanza kukwaruza kabla hujaipiga. Tumia chuma chenye nguvu, ncha pana, paruza mgongo wa kikopo kwa msasa kidogo, gusa, yeyusha, ondoka. Lehemu nzuri inang'aa na imetambaa. Ile iliyofifia na kusimama kama donge haijashika, na yenyewe ni chanzo kingine cha mkwaruzo. Lehemu ya kawaida ina risasi, nawa mikono kabla ya kula.

Nimeweka volyumu mpya kabisa na bado inakwaruza!

Hapa nami nilishaumbuka. Kijana mmoja wa bendi ya kanisa aliniletea gitaa, nikasafisha. Akarudi. Nikabadilisha volyumu. Akarudi tena, safari hii na mzee wa kwaya, na mzee hakuwa anatabasamu. Nikachomeka gitaa kwenye amplifaya yangu: kimya. Nikamwambia kijana aniletee na kila kitu anachopigia. Alikuja na mfuko wa pedali. Ya kwanza kwenye mstari ilikuwa fazi ya zamani, pedali ya kuchafua sauti.

Njia ya kaboni ya gitaa la kawaida haitakiwi kupitiwa na umeme wa moja kwa moja, ule wa betri. Pedali nyingi huwa na kapasita mlangoni kuuzuia usitoke. Kapasita ikizeeka huvuja, umeme kidogo unarudi kwa kebo hadi kwenye volyumu ya gitaa, na sasa kila kijino kinapotikisika unakata na kuunga umeme halisi. Hata volyumu iliyotoka dukani leo itakwaruza. Amplifaya ya taa, ile inayotumia vali za kioo badala ya transista, nayo hufanya vivyo hivyo taa ya kwanza au kapasita iliyo karibu nayo ikichoka.

Dalili ni hii: kila gitaa linakwaruza kwenye kifaa kilekile, na kila gitaa linanyamaza likichomekwa kwingine. Ukitaka uhakika, chomeka kebo kwenye pedali iliyowashwa, acha ncha ya upande wa gitaa wazi, na pima volti za moja kwa moja kati ya ncha ya plagi na shina lake. Inapaswa kusoma sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ile fazi niliibadilishia kapasita moja. Hela ya volyumu nikairudisha.

Amplifaya ya taa usiifungue kama hujui. Kapasita zake kubwa hushika mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Gitaa langu lina betri ndani. Ni yaleyale?

Karibu. Badilisha betri ya volti 9 kwanza. Ikiisha huleta kila aina ya vituko. Na ukija kununua, pikapu za betri kama za EMG hutumia volyumu za kilo-omu 25, si 250. Sifuri moja hapo ina maana kubwa.

Linakwaruza nikipitisha vidole juu ya plastiki ya mbele, sijagusa nobu.

Huo ni umeme tuli. Hutokea zaidi kwenye hewa kavu, ndiyo maana nausikia kutoka kwa watu wa Dodoma kuliko wa Tanga. Futa plastiki kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukiendelea kusumbua, bandika karatasi ya alumini nyuma ya plastiki na uiunganishe na ardhi.

Na ule mngurumo unaoisha nikishika nyuzi?

Si volyumu. Mngurumo unaokwisha ukishika nyuzi ni wa kawaida. Lakini ukishika nyuzi ukahisi mchomo, au midomo ikapigwa na maikrofoni, acha kila kitu, zima ukutani, na utafute fundi umeme aangalie waya wa ardhi wa jengo. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifariki jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kushika maikrofoni isiyokuwa na ardhi.

Besi je?

Yote ni yaleyale.

Volyumu za zamani ulizotoa nizitupe?

Subiri kwanza. Kama gitaa ni la miaka mingi, geuza kikopo usome namba zilizogongwa mgongoni au ubavuni. Tatu za kwanza ni za kiwanda: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na wiki. 3046318 maana yake Stackpole, mwaka 1963, wiki ya 18. Gitaa haliwezi kuwa limekamilika kabla ya hapo, kama volyumu hizo ni zake za asili. Anayenunua gitaa la zamani huuliza namba hizo kabla hajauliza sauti, kwa hiyo mimi huzitia kwenye mfuko wa plastiki, zikwarupe zisikwarupe, na kuuweka ndani ya kasha chini ya nyuzi za akiba.